Kabla Hujanunua Spea: Usukani Unaotetemeka na Milio ya Chini ya Gari

Gari lililotumika likinunuliwa kwenye yadi ya Nairobi au Nakuru, huwa limejaribiwa kwenye lami tupu. Muuzaji anakuzungusha mtaa mmoja au miwili, redio ikiwa imefunguliwa, nawe unarudi umeridhika. Kisha unalileta nyumbani. Unapita Karagita, unaambaa ziwa kwa Moi South Lake Road hadi Kongoni, na ukishaingia kwenye changarawe na vumbi la Ndabibi, gari linaanza kusema mambo ambayo halikuyasema yadini. Kitu kinagonga mbele upande wa kushoto. Kingine kinavuma chini ya kiti. Siku utakayotoka kwenda Nakuru, ukikaribia Gilgil usukani unaanza kutetemeka mikononi.

Hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Fundi anaendesha mita mia mbili, anasema ni shoki. Shoki zinanunuliwa, mlio unabaki. Basi itakuwa reki ya usukani. Reki inaletwa kutoka Kirinyaga Road, inafungwa, na mlio bado upo. Mwisho wa yote inagunduliwa kwamba ni linki ya stabilaiza, kijiti chenye viungo viwili ambacho ni miongoni mwa spea za bei nafuu kabisa za upande wa mbele. Simlaumu fundi peke yake. Mara nyingi mwenye gari alimwambia tu, "Fundi, kuna kitu kinalia," akamwachia funguo.

Ombi langu kwako ni moja: usinunue spea yoyote kabla hujajua mlio au mtetemo unatokea lini. Sauti yenyewe hudanganya, kwa sababu bodi ya gari ni chuma, na chuma hubeba sauti. Chanzo cha mlio kinaweza kuwa nyuma nawe ukausikia miguuni. Lakini wakati haudanganyi. Kiungo kibovu hulalamika kinapobebeshwa kazi yake, na kazi hizo si nyingi: kuzunguka, kufunga breki, kukata kona, kupanda na kushuka kwenye mashimo, kuvuta mzigo. Kwa hiyo chukua simu yako na uandike. Mtetemo unaanza kwenye kasi gani na unakwisha kwenye kasi gani? Unazidi ukikanyaga breki? Mlio unabadilika ukikata kulia au kushoto? Unakuwapo kwenye lami pia au ni kwenye barabara mbaya pekee? Gari likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta, bado unausikia? Ukiusikia hata gari limesimama, achana na magurudumu kabisa. Kaangalie injini, mikanda na eksozi.

Sasa tuanze na mtetemo wa usukani, kwa kuwa ndio unaowatia watu hofu zaidi.

Ukianza ukiwa kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, ukawa mbaya kwenye kasi fulani kisha ukapungua ukiipita, karibu kila mara ni gurudumu lisilosawazishwa uzito. Gurudumu la gari dogo, kwa kilomita 100 kwa saa, huzunguka mara 14 hivi kila sekunde. Gramu chache zikizidi upande mmoja, gurudumu linaruka na kupiga mara hizo zote. Ukiusikia mikononi, ni la mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, ni la nyuma. Dawa yake ni balansi, kazi ya muda mfupi kwenye duka lolote la matairi mjini Naivasha lenye mashine nzima.

Lakini mkazi wa Ndabibi asikimbilie mashine kwanza. Aangalie matope. Udongo wetu huu wa majivu ya volkano ukinyeshewa hunata, na gari likipita kwenye njia za mashambani matope yanarushwa ndani ya rimu, upande ule ambao huuoni ukisimama nje. Jua likiwaka yanakauka na kushika. Uzito unaobandikwa na fundi wa balansi huwa wa gramu 5, 10, pengine 40. Pande la tope lililokauka ndani ya rimu laweza kuzidi gramu 200. Basi gari lililokuwa likienda vizuri Jumamosi linatetemeka vibaya Jumatatu, na hakuna kilichoharibika. Inama, ingiza mkono nyuma ya spoku za rimu, papasa mduara wote wa ndani. Ukikuta tope, likwangue kwa kijiti hadi chuma kionekane, kisha mwagia maji. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne, ujaribu tena barabarani kabla hujatoa shilingi. Ukiwa hapo, angalia pia kama kuna alama ya gundi mahali ambapo uzito wa balansi ulibandikwa ukang'oka.

Kama rimu ni safi na mtetemo upo, kuna jaribio lisilo na gharama. Ikiwa matairi yako yote ni ya saizi moja, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila moja likibaki upande wake. Mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kitini, umethibitisha kwamba kosa liko kwenye gurudumu lenyewe, si kwenye usukani wala kwenye viungo. Hili peke yake limewaokoa wengi wasinunue reki.

Hapa niseme waziwazi jambo ambalo ninaona likiwapotosha watu kila siku. Alaimenti haitibu mtetemo. Alaimenti hurekebisha pembe za magurudumu, ili gari lisivute upande mmoja na tairi lisilike ukingo mmoja. Gari linaweza kuwa na alaimenti sahihi kabisa na usukani ukatetemeka, na linaweza kuvuta kushoto bila kutetemeka hata kidogo. Tena ukifanya alaimenti kabla ya kubadilisha bushi au tairodi endi iliyochoka, umelipia kazi utakayoirudia wiki ijayo. Alaimenti ni ya mwisho, baada ya viungo vyote kukazwa.

Mtetemo unaoanza mapema, kwenye kilomita 20 hadi 40 kwa saa, ukawa kama gari linachechemea na usukani unayumba kulia na kushoto, ni jambo tofauti na la hatari. Mara nyingi nyuzi za chuma ndani ya tairi zimekatika. Inua gari, zungusha gurudumu polepole ukitazama mahali pamoja, utaona tairi likivimba sehemu moja. Hilo halifai kuendeshwa hata hadi Naivasha. Weka spea tairi.

Na matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani yanahitaji jicho lako hata kama yana meno mazuri. Soma ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, hilo ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa ajili ya baridi kali, na kwenye lami yenye joto la mchana huvuma, hulegalega kwenye kona na huisha haraka. Watu hudhani gari zima ni bovu. Soma pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3518 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Gari likikaa muda mrefu melini, bandarini na yadini bila kusogea, sehemu ya tairi inayogusa chini hubonyea, na mtetemo wake hupungua baada ya mwendo kidogo matairi yakipata moto. Huo usiukimbilie, upe safari chache kwanza.

Kisha kuna mtetemo unaokuja pale tu unapokanyaga breki. Hapo kesi ni fupi: ni diski za breki, na zikiwa za mbele utausikia mkononi. Diski haina unene sawa pande zote, pedi zinaishika na kuiachia. Anayetoka Nairobi na gari alilonunua mchana huo, akateremka mteremko wa Mai Mahiu akiwa amekanyaga breki kutoka juu hadi bondeni, hufika Mai Mahiu diski zikiwa moto sana. Akipitia kwa waosha magari wakamwagia magurudumu maji baridi, anazimaliza. Mteremko ule unahitaji gia ya chini, iwe L, S, B au 2 kulingana na gari lako, injini ishike gari, nawe ukanyage breki kwa vipindi. Diski ikishaharibika, huchongwa kama bado ina unene wa kutosha. Kipimo cha mwisho huwa kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imefika hapo, nunua mbili, za kushoto na kulia, pamoja na pedi.

Usichanganye hilo na kukwaruza kwa asubuhi. Diski iliyolala kwenye umande hupata kutu nyembamba, na breki mbili tatu za mwanzo huisafisha.

Mtetemo unaokuja unapokanyaga mafuta kwa nguvu, tuseme ukipanda mlima kuelekea Eburru, halafu ukapotea mara tu unapoachia, unaelekeza kwenye draivu shafti, kile kiungo cha ndani kilicho karibu na giaboksi. Kiungo cha nje, kilicho karibu na gurudumu, kina lugha yake: tak-tak-tak unapokata usukani wote na kuondoka polepole. Zungusha gari mahali wazi, kushoto kisha kulia, dirisha likiwa wazi. Kabla hata ya kusikiliza, chungulia nyuma ya gurudumu uone ule mpira wenye mikunjo unaofunika kiungo. Ukiwa umepasuka utaona grisi imetapakaa ndani ya rimu. Mpira uliopasuka leo, grisi ikiwa bado ipo, ni kubadilisha mpira na kujaza grisi mpya. Ukiuacha, vumbi la Ndabibi litaingia, na vumbi hili ni msasa. Baada ya muda utanunua shafti nzima.

Gari linalotetemeka likiwa limesimama kwenye D na mguu uko kwenye breki, likatulia ukiweka N, lina maunti za injini zilizochoka. Hilo halihusiani na usukani ingawa usukani ndio unaotikisika.

Tugeukie milio.

Mvumo unaopanda na kushuka na kasi, kama ndege iliyo mbali, una watuhumiwa wawili, tairi na beringi, nao hutenganishwa hivi. Tairi hubadilisha sauti barabara inapobadilika. Ukitoka lami mbovu kuingia lami laini, mvumo hupungua. Beringi haijali barabara, inajali uzito. Kwenye kona ndefu za barabara ya kando ya ziwa, ukikata kushoto uzito wa gari huegemea kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Ukizidi ukikata kulia, shuku ya kushoto. Halafu inua gurudumu, lizungushe kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika springi ya shoki. Beringi ikiwa nzima, hutahisi kitu. Mbovu hupeleka mkwaruzo kwenye springi hadi kwenye vidole vyako, hata kama sikio halisikii.

Neno moja kuhusu kuinua gari, kwa sababu hapa kwetu ardhi ni laini. Jeki huzama kwenye majivu haya gari likiwa juu. Tafuta mahali tambarare, weka ubao mpana chini ya jeki, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, vuta breki ya mkono. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini, saa kumi na mbili na saa sita kwa saa ya ukutani, ulisukume na kulivuta kwa zamu. Likicheza, mwite mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi au kiungo kingine cha chini. Boljointi nyingine hujificha, kwa hiyo pitisha nondo chini ya tairi na uinue kidogo. Ikiwa imelegea utaona na kusikia. Kisha shika gurudumu kushoto na kulia. Likicheza hapo na la upande wa pili halifuati, ni tairodi endi au reki endi. Mtu mwingine aweke vidole kwenye kiungo huku wewe unatikisa, naye atakuambia ni kipi kinachobofya. Jaribio hili lote ni la dakika chache, na ndilo ninalotaka ulione kwa macho yako fundi akilifanya. Fundi anayetaja spea bila kuinua gari anabahatisha kwa pesa zako.

Kugonga kwenye mashimo madogo kwa mwendo wa polepole, kod-kod-kod kama vyombo kwenye sinia, mara nyingi ni zile linki za stabilaiza nilizozitaja. Kishindo kimoja kizito unapofunga breki au unapoondoka ni bushi za mkono wa chini. Mlio kama springi inayoruka unapogeuza usukani gari limesimama ni kitako cha juu cha shoki; fungua boneti, weka kiganja juu ya kitako hicho mwenzako akigeuza usukani, utausikia mruko mkononi. Shoki zenyewe, zile zinazolaumiwa kuliko vyote, hujionyesha kwa mafuta yaliyovuja na vumbi likagandia, na kwa gari linaloendelea kudunda baada ya kuvuka tuta. Kama ni kavu na gari linatulia mara moja, ziache.

Kulia kwa chuma kikisugua chuma kunakoanza ghafla kwenye changarawe, kukali kiasi cha kukufanya usimamishe gari, kwa kawaida ni jiwe dogo lililoingia kati ya diski na bati linaloikinga. Rudi nyuma mita chache polepole na mara nyingine litaanguka lenyewe. Likikataa, toa gurudumu na usogeze bati mbali kidogo na diski kwa bisibisi. Siwezi kutaja kila kitu kinachotikisika kwenye barabara zetu: jeki isiyofungwa kwenye buti, bati la eksozi lililolegea, plastiki ya chini ya injini iliyokatika vishikizo. Toa vitu vyote kwenye buti, funga kinachofungika, uendeshe tena.

Kuna sababu gari "jipya" huwa na viungo vilivyochoka. Kanuni ya ubora KS 1515:2000 inaruhusu magari yaliyotumika kuingia Kenya yakiwa hayajazidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Namba ya usajili inayoanza na KD hukuambia lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuambii umri wake. Mpira wa bushi na wa maunti huzeeka kwa miaka na joto hata kama odometa inasoma kilomita chache, na odometa yenyewe hurudishwa nyuma. Kwa hiyo nunua bushi, boljointi, tairodi na beringi mpya. Zile za ex-Japan zilizotolewa kwenye gari jingine huenda zina umri uleule wa zile ulizonazo.

Ukishakusanya maandishi yako, mweleze fundi hivi: "Fundi, usukani unatetemeka kuanzia 85 hadi 100, breki haizidishi, rimu nimesafisha ndani, na nilipohamisha magurudumu mtetemo ukahamia nyuma." Mtu akisikia hivyo hana pa kubahatisha. Omba akuonyeshe kiungo kibovu kabla ya kukitoa, na akurudishie cha zamani baada ya kazi. Badilisha kitu kimoja, jaribu barabarani, ndipo uende kwa kingine. Ukibadilisha vinne kwa mkupuo hutajua kamwe kipi kilikuwa na kosa.

Baada ya gurudumu lolote kutolewa, nati zikazwe kwa mkono, kwa zamu za kukingamana, si kwa kufuata mduara, gari likiwa limeshuka chini. Toyota kwa magari yake mengi madogo hutaja newtonmita 103, nguvu ambayo mtu mzima huifikia kwa spana ya kawaida bila kuikanyaga kwa mguu. Mashine ya hewa huzidisha. Zikague tena baada ya kilomita 50 au 100, kwa kuwa nati zilizolegea nazo hutetemesha usukani, na gurudumu hutoka.

Balansi inaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Linki ya stabilaiza inaweza kusubiri pia, ingawa itakukera. Lakini boljointi inayocheza, tairodi endi iliyolegea, beringi inayokwaruza na tairi lenye uvimbe havisubiri mshahara wala mavuno. Boljointi ikichomoka gurudumu hulala chini ya gari, na hapo usukani haukusaidii kitu. Ukikuta mojawapo ya hayo, usijiambie utaendesha polepole hadi mjini. Liache gari uani, upande matatu au bodaboda, umlete fundi Ndabibi.